Mwalo wa Kibirizi na Pesa Zisizoshikika

Katika miezi ile ya korona, watu wa Kigoma walibishana kuhusu pesa kuliko walivyobishana kuhusu ugonjwa wenyewe. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa karibu. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kutangazwa, shule binafsi niliyokuwa nikifundisha hesabu ilisitisha mishahara yetu bila hata barua, nami nikahamia kwenye kibanda cha dada yangu cha uwakala wa pesa za simu, jirani na mwalo wa Kibirizi, wanakotia nanga wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni, lakini mshahara ulirudi nusu, kwa hiyo jioni na Jumamosi niliendelea kukaa kibandani. Anayekaa kwenye kibanda cha wakala hujua mambo ya watu ambayo hakuomba kuyajua: nani ametumiwa na nani, nani ametumiwa na ya kutolea na nani ameachiwa makato ayabebe mwenyewe, nani hutoa elfu tano mara tatu kwa siku moja. Majina yao nayahifadhi. Maoni yao nitayasema, kwa kuwa waliyatoa kwa sauti kubwa mbele ya kila aliyepita.

Waliobishana walikuwa wakizungumzia vitu vitatu kana kwamba ni kimoja: kubeti mpira, bitcoin, yaani pesa ya mtandaoni isiyo na noti, na vikundi vya mtandaoni vilivyoahidi kuzalisha fedha ya mtu akiwa amelala. Wengi walioviandika baadaye wamevieleza kama hadithi ya tamaa ya vijana wasiopenda kufanya kazi. Hadithi hiyo siikubali, na sababu yangu ya kwanza ni ziwa.

Uchumi wa mwalo ule hauhesabiwi kwa mwezi wa mshahara. Unahesabiwa kwa giza na mbalamwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina cha kumvutia dagaa pale mwezi unapoangaza ziwa lote, kwa hiyo kila mbalamwezi mitumbwi hupumzika siku kadhaa, nyavu hushonwa, na wavuvi hukaa nchi kavu na mgao wao mfukoni, au bila kitu kabisa. Wakati wa giza kibanda chetu kilipokea pesa asubuhi, wengi wakiweka kwenye simu na kutuma kwa wake na wazazi. Wakati wa mbalamwezi tulitoa tu, mpaka dada akawa anahangaika kutafuta noti. Mwaka 2020 ukaongeza tatizo jingine juu ya hilo. Nchi jirani zilipobana safari za abiria, wanunuzi kutoka Kalemie na Uvira, upande wa Congo, waliozoea kuvuka wenyewe na dola zao wakapungua, na dagaa waliokaushwa vizuri kwenye vichanja wakalala ndani ya magunia wakisubiri mtu wa kuwapandia bei. Tanzania haikuwafungia watu ndani, na wala hakuna aliyepewa posho ya kukaa nyumbani. Marekani, katika mwezi huohuo wa Aprili ambao sisi tulikuwa tukinunua malimao na tangawizi za kujifukizia kwa bei ya kushangaza, serikali ilianza kuwapelekea wananchi wengi dola 1,200 kila mmoja, na riba ya benki kuu yao ilikuwa imeshushwa karibu na sifuri. Wenzetu wale walikuwa na fedha iliyokaa bila kazi. Huku, kazi ndiyo iliyokuwa imekaa bila fedha, na mtu wa namna hiyo akianza kutafuta upenyo kwenye simu yake sioni kwa nini aitwe mvivu.

Upenyo wa kwanza ulikuwa mpira, na mpira ulikuwa umesimama. Ligi kubwa za Ulaya zilisitishwa katikati ya Machi, ligi yetu nayo ikasitishwa tarehe 17, na kwa siku chache nilidhani kampuni za kubeti zitafunga milango. Sikuwa nimewafikiria Wabelarusi. Ligi kuu ya Belarus haikusimama, na Nicaragua pia iliendelea, hivyo vijana ambao katika maisha yao hawakuwahi kulisikia jina la Slutsk wakawa wachambuzi wa Slutsk, wakijua nani ameumia mguu na nani hufungwa ugenini, na BATE Borisov ikazungumzwa pale mwaloni kwa uchungu ambao kwa kawaida huwa ni wa Simba na Yanga. Walioishiwa Belarus walikwenda kwenye mechi za kompyuta, ambazo huchezwa kila baada ya dakika chache na hazina mchezaji, uwanja wala mvua. Mpaka Bundesliga iliporudi tarehe 16 Mei, watu walikuwa wameshazoea kubeti juu ya kitu chochote kinachosogea kwenye kioo cha simu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kijana mmoja mvuvi aliponionyesha mkeka wake, yaani ubashiri wa mechi kumi kwa dau moja, sikuweza kujizuia. Nilimchorea nyuma ya karatasi ya vocha. Tuseme kila mechi ni nusu kwa nusu: uwezekano wa kuzipatia zote kumi ni mmoja katika 1,024, kwa hiyo malipo ya haki kwa dau la shilingi 1,000 yangekuwa shilingi 1,024,000. Lakini kampuni haikupi odi, yaani kizidishio cha dau, ya 2.00 kwa mechi ya nusu kwa nusu. Inakupa tuseme 1.90, nawe unaona kilichopungua ni kidogo. Ukizidisha 1.90 mara kumi unapata 613 na kitu, yaani mkeka huohuo unalipa shilingi 613,000, na zaidi ya laki nne zimeliwa kabla hata mpira haujaanza, bado kodi ya ushindi haijakatwa. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo kipande cha kampuni kinavyonenepa, na ndiyo maana matangazo yote husifu mikeka mirefu.

Kijana aliiangalia karatasi kwa heshima, akaikunja, kisha akauliza: «Mwalimu, kwani ziwani napata kwa asilimia ngapi?»

Swali hilo nimelibeba muda mrefu, kwa sababu ndani yake kuna hoja ambayo wahubiri wa kupinga kamari hawaigusi. Mtu anayelipwa mshahara huona kubeti kuwa ni kutoka kwenye uhakika na kuingia kwenye bahati. Mvuvi hatoki kwenye uhakika wowote; usiku mmoja hurudi na mtumbwi umezama hadi ukingoni kwa dagaa, siku nne zinazofuata anarudi na mafuta aliyokopa na maji tumboni mwa mtumbwi. Kwake mkeka ni bahati nyingine, nafuu zaidi, isiyo na upepo. Nilimjibu kwamba ziwa halichukui shilingi mia nne katika kila elfu moja kabla hujatupa wavu, na kwamba mvuvi wa miaka kumi huvua vizuri kuliko wa mwaka mmoja, ilhali mbetaji wa miaka kumi hana alichojifunza ila majina ya timu. Alikubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili aliikataa kabisa, akasema mimi sijui mpira.

Hata hivyo, nikipima yote niliyoyaona, kubeti kuna jambo moja ambalo sina budi kulikubali: mpotezaji anajua pesa yake iko kwa nani. Kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, matokeo ya mechi yanaonekana na dunia nzima, na mkeka ukichanika umechanika hadharani. Nimeona kaya zilizoumizwa na kubeti, mwanamke akija kuuliza kama ada ya mtoto imeshatumwa na mimi nikijua ilikokwenda. Siitetei kamari. Nasema tu kwamba madhara yake yalikuwa na anwani.

Bitcoin ilikuja na ubishi wa aina nyingine, na aliyeutawala hakuwa kijana. Alikuwa bibi mmoja wa Ujiji, mfanyabiashara wa mawese na vitenge tangu enzi Congo ilipoitwa Zaire, ambaye kila alipokuja kutoa pesa alivuta kigoda na kukaa. Vijana walimweleza kwamba kuna pesa mpya isiyo na noti, isiyo na benki, haishikiki mkononi, nayo inapanda. Akasema yeye anazo pesa nyingi ambazo nazo hazishikiki, ingawa ni za karatasi, ziko nyumbani kwenye sanduku la bati. Ni zaire. Aliuza bidhaa ng'ambo ya ziwa akalipwa kwa fedha ya Rais Mobutu, na mwaka 1993 serikali ya kule ikatoa zaire mpya, moja kwa kila milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 zaire hizo mpya nazo zikafutwa, faranga moja ya Congo kwa kila laki moja. Anayetaka kujua kwa nini mfanyabiashara wa Kigoma husisitiza dola, na tena dola safi, kwa kuwa noti iliyopasuka hata kwa ukucha itakataliwa ng'ambo, na aanzie kwenye sanduku hilo. Na kabla ya zaire kulikuwa na shanga: wasafiri wa karne ya 19 waliofika Ujiji wameandika juu ya soko lililokuwa na fedha yake ya shanga ndefu zilizoitwa sofi, na juu ya misafara iliyobeba shanga za aina isiyotakiwa msimu ule ikajikuta na mizigo isiyonunua hata muhogo. Mji huu umeona pesa zikifa. Hauhitaji kufundishwa kwamba thamani ya pesa iko vichwani mwa watu.

Nilijaribu kumweleza bibi jinsi mfumo unavyofanya kazi, nikatumia kilicho karibu: daftari la kikoba, ambalo badala ya kukaa kwa katibu peke yake kila mwanachama ana nakala yake, na haliandikwi jambo jipya mpaka nakala zilizo nyingi zikubaliane, hivyo katibu hawezi kufuta deni la shemeji yake usiku. Nikamwambia aliyeubuni anajulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto tu, na mpaka leo haijathibitishwa ni nani. Kwamba ulianza kazi Januari 2009. Kwamba jumla ya sarafu haitazidi milioni 21, na kwamba zawadi wanayopata wanaolinda daftari hilo kwa kompyuta zao hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, kama ilivyotokea Mei 2020 iliposhuka kutoka sarafu 12.5 hadi 6.25. Hapo alinyanyua kichwa. «Haziongezwi hata Rais akitaka?» Haziongezwi. «Basi hiyo ndiyo angepewa Mobutu.» Kisha akauliza swali ambalo hakuna kijana aliyekuwa ameliuliza: pesa hiyo ikipotea, anamfuata nani? Nikamjibu kwamba hakuna wa kumfuata. Atakayepoteza funguo zake za siri amepoteza. Akatoa pesa zake za shilingi, akazihesabu mara mbili, akaondoka.

Bei yenyewe ilimpa kila mtu ushahidi aliotaka. Katikati ya Machi 2020 bitcoin moja ilianguka chini ya dola 5,000, mwaka ukaisha ikiwa karibu na 29,000, Novemba 2021 ikafika karibu na 69,000, na Novemba 2022 ilikuwa chini ya 17,000. Aliyeingia mapema alijiita mchumi, aliyechelewa akasema ni kamari. Ustadhi mmoja aliyekuwa akipita kibandani alishikilia kuwa kununua kitu kwa kutegemea tu kwamba mwingine atakinunua ghali zaidi kesho hakuna tofauti na mkeka, na sikuwa na jibu zuri la kumpa, isipokuwa kwamba hivyo ndivyo viwanja vya Mwanga, hapahapa mjini, vinavyonunuliwa pia.

Jambo lililonishughulisha ni jingine. Katika watu wote waliosema mbele yangu kwamba wana bitcoin, karibu wote hawakuwa nayo.

Nalijua hilo kwa kazi ya kibanda. Mtu akituma pesa, kabla hajaweka namba ya siri, simu humwonyesha jina la mpokeaji. Mwaka 2021 walianza kuja watu na ujumbe ulionakiliwa kutoka kwenye makundi ya WhatsApp: weka laki moja, baada ya mwezi mmoja upokee laki moja na nusu, mtaji unafanya biashara ya bitcoin huko nje. Namba waliyotakiwa kuitumia ilikuwa laini ya kawaida, na jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, mara ya mwanamke, mara ya mwanaume, lilibadilika baada ya wiki chache. Kampuni ya kimataifa ya sarafu za kidijiti inayopokea mitaji kupitia laini ya mtu binafsi! Niliwaambia waliokubali kusikia kwamba bitcoin halisi hupelekwa kwenye anwani ndefu ya herufi na tarakimu, na kwamba wanachokiona wao kikipanda kila asubuhi ni namba iliyoandikwa na mwenye programu, ambaye anaweza kuiandika atakavyo. Mama mmoja anayeanika dagaa alinijibu kwamba jirani yake ameshalipwa mara mbili. Ndiyo, alilipwa, kwa laki moja ya mama mwenyewe.

Utaratibu huo hauna hata chembe ya teknolojia mpya. Mwaka 2009 nchi nzima ilishuhudia DECI, taasisi ya kukusanya pesa za watu iliyoongozwa na wachungaji, ikiwaambia watu wapande pesa na kuvuna zaidi, mpaka serikali ilipoifunga kwa kuwa mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za wa mwisho, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Kule nje ya nchi OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, ilijiita sarafu ya kidijiti bila kuwa na daftari la namna niliyoieleza, na yeye akatoweka Oktoba 2017. Hawa wa kwetu walikopa jina tu. Mwaka 2009 jina lililowapa watu matumaini lilikuwa la Mungu. Mwaka 2021 lilikuwa la bitcoin, kwa sababu kila siku redio ilikuwa inasema imepanda.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na waliowalaumu waathirika kwa kutojua kompyuta. Hakuna aliyeingia kwa kuiamini kompyuta. Kila mmoja aliingizwa na mtu: shemeji, mwenzake wa kwaya, mwenyekiti wa kikundi, mtu aliyemzika baba yake. Waliokuwa wakishinda ndani ya mpango ule ni wale waliokuwa wakiaminiwa nje yake. Makundi yalipofungwa na wasimamizi wakajitoa, karibu hakuna aliyekwenda polisi, maana wa kumshtaki angekuwa ni yule aliyemwalika, naye kapoteza vilevile, na watakutana naye msibani Jumamosi. Deni likabaki kwenye ukoo. Nawajua ndugu wawili ambao mpaka sasa hawasalimiani kwa ajili ya laki tatu ambazo hakuna kati yao aliyezila.

Nimeona pia matumizi ya kweli ya sarafu hizi, na yalikuwa ya kimyakimya. Fundi simu mmoja wa Mwanga, ambaye kabla ya korona vipuri vyake vililetwa na mtu aliyesafiri mwenyewe hadi Guangzhou, China, alibaki bila betri wala vioo safari zilipokatika. Akajifunza kununua Tether, sarafu inayokusudiwa kubaki na thamani ya dola moja, kwenye soko la mtu kwa mtu ambalo hushikilia sarafu za muuzaji mpaka shilingi zitakapothibitishwa kufika, kisha akamlipa muuzaji wa China ndani ya saa moja. Hakuwahi kuingoja ipande, ikipanda angeudhika. Kwake ilikuwa njia ya kupitisha malipo, naye alitaka njia hiyo iwe fupi na ya bei nafuu.

Kikoba cha dada yangu nacho kilipita katika miezi ileile. Mkutano wa Jumapili ulihamia uani ili watu wakae mbalimbali, ndoo ya maji tiririka ikawekwa mlangoni, na faini ya kuchelewa ikaongezewa faini ya kutonawa. Marejesho yalichelewa sana. Waliokopa kwa ajili ya dagaa wa kupeleka Congo waliongezewa miezi badala ya kunyang'anywa vitanda, na mgao wa mwisho wa mwaka ukawa mdogo kuliko wote ninaoukumbuka. Hakuna aliyebishana kuhusu kikoba pale kibandani. Wanachama walikuwa wanajua funguo tatu za sanduku ziko kwa akina nani.

Serikali ilikuwa na maoni yake, nayo yalibadilika. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba fedha halali nchini ni shilingi na kwamba biashara ya sarafu za mtandaoni inakwenda kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, siku chache baada ya El Salvador kupitisha sheria ya kuifanya bitcoin fedha halali, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Mwanza aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko ya sarafu hizo, na jioni hiyohiyo vijana wa makundi walinakili hotuba kama kibali. Kibali hakikuwamo. Kilichofika kweli kibandani, tarehe 15 Julai 2021, kilikuwa tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, na kwa wiki kadhaa watu wakarudi kufunga noti kwenye kitambaa na kumpa dereva wa basi la Kasulu apeleke. Septemba ilipunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikaondolewa hatua kwa hatua.

Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria inataka asilimia 3 ikatwe kwenye malipo yanayofanywa mali za kidijiti zinapohamishwa. Fundi wa Mwanga alikuja na swali lake, tukakaa na kikokotoo: alitaka kujua kama asilimia hiyo ni ya faida au ya malipo yote. Ni ya malipo yote, faida iwepo au isiwepo, na hilo limemkera kwa haki, kwa kuwa yeye sarafu hizo hapati faida nazo, anapitisha tu. Waliotuma laki zao kwenye zile laini za watu binafsi hawajaja kuuliza. Sheria hiyo haiwahusu, maana kwao hakuna sarafu yoyote iliyowahi kuhamishwa.